Mkono wa Marehemu

Waliomwosha mume wangu walikuwa watatu, na mmoja wao ni ndugu yake wa tumbo moja. Huyo ndiye aliyesema. Wale wawili wengine, watu wazima wenye akili zao, walitoka uani, wakanawa, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Walichokiona walikiacha kwenye ufuo, ule mfereji tunaouchimba chini ya kitanda cha kuoshea ili maji ya maiti yapate pa kwenda. Ndiyo kazi ya mwosha ilivyo. Ukiona uso umenawiri, haya, sema. Ukiona lolote jingine, nyamaza mpaka na wewe uje uoshwe. Shemeji yangu alilijua hilo tangu chuo cha Qurani, lakini mdomo wake haujapata kuwa na mlango.

Alisema mkono wa kulia wa marehemu ulikuwa umevimba, kuanzia kwenye kifundo mpaka ncha za vidole, ngozi imetanda inang'aa, na wa kushoto uko vilevile, mkono wa mtu tu. Akasema alipoushika aumwagie maji, vile vidole vilijikunja vikambana kidole gumba, na ilimbidi avikunjue kimoja kimoja. Alimwambia mkewe. Mkewe naye akamwambia nani huko. Siku ya tatu ya matanga mimi nimekaa chumbani juu ya mkeka, kizuka mpya, mjane wa eda, nguo nyeupe, sitoki wala sionekani na mwanamume asiye maharimu yangu, nikamsikia mwanamke upande wa pili wa pazia anamnong'oneza mwenzake, "Si unajua maana yake? Mkono ule una mimba."

Nieleze, maana si kila mtu kakulia huku. Kuna maneno yanayosemwa kwamba mtu mwenye kujichua, mwenye kupiga punyeto, atafufuliwa siku ya Kiyama mkono wake una mimba, unamshitaki mbele ya watu. Wapo wanaoyataja kuwa ni hadithi ya Mtume, na wapo wanazuoni wanaosema mapokezi yake ni dhaifu, si ya kushikwa. Mimi niliyasikia kwa somo yangu, yule mama aliyenifunda nilipoolewa. Aliyasema huku ananisinga mwili kwa manjano, kwa sauti ileile anayoelezea namna ya kukunja shuka, akaendelea na mengine. Nilicheka. Lakini siku ile nyuma ya pazia sikucheka, nilijisikia baridi kwenye mifupa na jua la saa saba linawaka.

Na si kwa sababu lilikuwa jambo la uongo. Ningekuwa najua ni uongo ningetoka na ukizuka wangu nikawatia vibao wote wawili. Lililonikata maini ni kwamba nilikuwa najua.

Mume wangu alikuwa anaziba pancha Chalinze, kwenye gereji moja ya malori. Alipanga chumba nyuma yake. Huko usiku hakulali mtu, malori yanaingia na kutoka, na wanawake wanapita wanagonga milango ya mafundi kama wanauza maandazi. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine haji kabisa. Siku moja mchana akanipigia simu, mimi nipo juu ya mbuzi nakuna nazi, akaniuliza bila hata kumaliza salamu kama naijua hukumu ya mtu kujichua. Nilicheka mpaka nikajikwaruza kidole.

"Usicheke, mke wangu," akasema. "Mimi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa nikiacha nitakwenda kwa wale wanawake. Na nisipoacha, naogopa hilo la mkono."

Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, anafungua tairi la lori peke yake. Nilimpenda mno wakati ule, nasema bila haya. Wanaume wangapi wanakwenda kwa wale wanawake na hawaulizi hukumu wala hawapigi simu. Nikamwambia, mimi si sheikh, baba. Nenda kaulize wanaojua, uje uniambie na mimi.

Akaenda. Alimvizia sheikh wa msikiti wa huko baada ya swala ya alasiri, mpaka watu wakaisha. Alinisimulia yote kwenye simu, kwa kutulia, kama mtu aliyetua mzigo. Sheikh alimwambia kwetu sisi Mashafii jambo hilo ni haramu, Qurani imewasifu wanaohifadhi tupu zao isipokuwa kwa wake zao, na anayetafuta nje ya hapo amevuka mpaka. Akamwambia wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioona kwamba mtu akichelea kuingia kwenye zinaa, na hana njia nyingine, basi ubaya wake umepungua, na wapo wachache waliosema ni makuruhu, si dhambi ya kumtia mtu motoni. Akamwambia na funga inasaidia. Hilo la mkono akasema asilibebe kichwani, sanadi yake, mnyororo wa walioipokea, ni dhaifu.

"Halafu akaniuliza nimeoa. Nikamwambia nimeoa. Akaniuliza mke yuko wapi. Nikamwambia Bagamoyo. Akaniangalia weee, akasema, sasa wewe njia unayo, panda gari uende kwa mkeo, unanichosha bure." Tukacheka wote. Akasema kuanzia leo ikinizidi nakuja.

Na akaja. Ilikuwa katikati ya wiki, si siku zake za kuja. Alipata lori lililokatisha kwa Msata, akafika watu wameshafunga milango, akaondoka kabla ya alfajiri na lori jingine awahi gereji. Mama yake analala nyumba ya mbele, hakujua. Jirani hakujua. Nami sikumwambia mtu, mambo ya mtu na mumewe unamtangazia nani?

Baada ya wiki kadhaa akaletwa na wenzake, homa inamchemsha. Tukamlaza hospitali hapa mjini. Wakati huo mimi nimeshajijua kwamba nina kitu tumboni. Nikasema ngoja apate nafuu nimwambie, nataka nimwone anavyotabasamu. Nafuu haikuja. Alifariki asubuhi, chai ya wagonjwa inagawiwa.

Basi nikaingia eda. Mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue, kwa hiyo nilijua nitakaa mle ndani miezi. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo linaloangalia uani, na uani ndipo alipooshewa. Ule ufuo walikuwa wameufukia siku ileile, wakaushindilia kwa miguu. Kesho yake udongo umekaa chini. Mama mkwe akamwaga ndoo ya mchanga. Baada ya siku mbili umeshuka tena, na safari hii shimo lina urefu na mapana ya mtu aliyelala. Ilikuwa kiangazi, ua mzima umepasuka kwa ukavu, pale pakabaki pabichi. Kuku walizunguka. Walichakura kila mahali, pale hawakutia mguu. Mimi ninakaa dirishani, sina kazi, sina pa kwenda, naangalia kuku.

Mama mkwe alimwaga mchanga mpaka akachoka. Siku aliyoacha alisimama pale na ndoo yake mkononi, akaangalia dirisha langu, akaingia ndani.

Wanawake waliokuja kunipa pole walibadilika. Mwanzoni walinipa mkono, tukabusiana mikono kama desturi yetu. Halafu wakaanza kunipa mkono ndani ya kanga, kitambaa kati yangu na wao. Mwisho wakawa wanakaa mlangoni wananiamkia kwa mdomo tu, na macho yanatafuta mkono wangu wa kulia. Nikiuficha wanatazamana. Nikiuacha wazi wanautazama. Nikawa nautazama na mimi. Nilikuwa nakaa nauweka mapajani pamoja na wa kushoto, nalinganisha, na kuna siku naapa niliona umezidi.

Nilimtuma somo akawaambie kwamba ni dripu. Kila aliyeuguza mtu hospitali analijua hilo, sindano inahama kwenye mshipa, maji yanaingia kwenye nyama, mkono unavimba kama andazi. Somo akanisikiliza, akatikisa kichwa, akauliza, "Walimchoma mkono gani?"

"Wa kulia," nikasema.

Akaenda kuwaambia. Nami nilipobaki peke yangu nikaanza kukumbuka. Kitanda cha hospitali, upande mmoja kimesimama chuma cha dripu, upande wa pili nimekaa mimi juu ya ndoo niliyoigeuza. Nimemshika mkono. Mkono niliomshika ulikuwa na pete ya fedha, kwa sababu nakumbuka nilikuwa naizungusha zungusha, imelegea, amekonda. Pete ile alivaa mkono wa kulia. Kwa hiyo dripu ilikuwa kushoto.

Nikajiambia, labda walihamisha nilipotoka kufuata uji. Wanahamisha kila mara, mshipa ukifa wanatafuta mwingine. Lakini niliporudi na uji nilikaa upande gani? Nimelitafuta hilo kichwani mpaka leo sijalipata. Naona bakuli, naona kijiko, naona mdomo wake. Mikono yake siioni.

Shemeji naye hakusalimika. Alianza kula kwa kijiko, hata ugali kwa kijiko. Kidole gumba alikifunga kitambaa, na akiulizwa anasema kimekatwa na kisu. Alasiri moja alikuja upande wa pili wa pazia, akabisha hodi, namsikia anapumua.

"Shemeji," akasema, "hiki kidole hakina joto. Nakiota jua, nakitia kwenye maji ya moto, hakina joto. Kaka amenikasirikia?"

"Kawaulize uliowapelekea habari zake."

"Nisamehe mimi."

"Mwenye haki hiyo umemzika mwenyewe," nikamwambia. Sikumwonea huruma hata kidogo wakati ule. Akaondoka.

Halafu tumbo likaonekana. Hapo ndipo jambo lilipogeuka likawa si la marehemu tena. Mama mkwe aliingia kuniletea chakula, nikainuka kupokea sahani, akaliona. Midomo yake ikacheza, anahesabu kimoyomoyo.

"Mwanangu tangu Idi hajakanyaga hapa," akasema.

"Alikuja, mama. Alikuja akaondoka kabla ya alfajiri."

"Nani alimwona?"

"Mimi."

"Wewe," akasema, akaweka sahani chini badala ya kunipa mkononi.

Kwa mtu wa nje huenda isieleweke, kwa hiyo niseme waziwazi. Kwao mkono ule ulishatoa ushahidi. Mtu aliyeoa mkono wake hana haja na mkewe, ndivyo walivyoona, ndiyo maana hakuwa anakuja. Sasa kama hakuwa anakuja, tumbo hili la nani? Sharia ilikuwa upande wangu, mtoto aliyepatikana ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, na hakuna mkwe wala shemeji awezaye kumkana. Lakini sharia haiendi bombani kuteka maji, wala haichezi na watoto barazani. Mama mkwe alimwambia somo, kwa adabu kabisa, kwamba nitakapojifungua nirudi kwetu Kerege na kitoto changu, yeye hana neno baya na mimi, ila barazani kwake asikilete. Somo aliponiambia nililia mpaka nikatapika. Hasira zilikuja baadaye. Mtoto alikuwa amepatikana kwa sababu baba yake alimwogopa Mungu akapanda lori, na sasa woga uleule ndio unamfanya mwana wa haramu.

Ningemweleza mama mkwe hivyo? Nimwambie mama wa watu, ni kweli mwanao alikuwa anajichua, lakini akauliza hukumu, akatubia, akaja kwangu? Nusu ya kwanza angeisadiki, nusu ya pili angeniuliza tena nani alimwona.

Uchungu ulinishika mchana, mvua za vuli zimeanza. Mtu pekee aliyekuwa nyumbani ni mama mkwe, na sitamnyima haki yake, alinifunika kanga, akaita bajaji, akakaa nami mpaka hospitali. Uchungu ulikawia, muuguzi akasema mtoto ana kitu, hashuki vizuri. Mtoto alipotoka nikasikia kilio. Mama mkwe alikuwa ameruhusiwa kuingia, na amesimama hapo miguuni pangu hasogei.

"Amekuja na mkono kichwani," muuguzi akasema, anamfuta. "Ndiyo maana umevimba. Kesho kutwa utakuwa umeshuka."

Nikainua kichwa nikauona. Mkono wa kulia. Mdogo, mwekundu unaelekea zambarau, umejaa mpaka kwenye kucha, na ule wa kushoto mwembamba kama njiti. Nikasema bismillahi.

Mama mkwe alisogea, akauchukua ule mkono kwa vidole viwili. Alizungumza taratibu, na hakunitazama mimi wala mtoto, alitazama mahali fulani nyuma ya bega langu. "Umemleta mwanao na alama yako, mwanangu," akasema. "Nimekuona." Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na ukuta, na ukuta umelowa mvua.

Halafu akamchukua mtoto akamkumbatia, akalia kwa sauti, akasema kumwambia muuguzi na kila aliyesikia kwamba huyu ni wetu, huyu ni wa mwanangu, msimtafutie baba mwingine.

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kabla sijakasirika. Mwanangu alikuwa ameshapata baraza.

Muuguzi alisema kweli, mkono ulishuka. Lakini habari zilishatangulia. Siku ya saba tulipofanya akika nyumba ilijaa, wanawake wakanipa mikono mitupu bila kanga, wakambusu mtoto, wakamwambia mama mkwe hongera. Wanaume walikaa barazani na sheikh wa mtaa wetu, mzee mkali, asiyependa upuuzi. Eda ilikuwa imekwisha, lakini nilikaa ndani na wanawake, pazia la mlango kati yetu na wao. Mama mkwe alikaa ubavuni kwangu na mtoto mapajani.

Baada ya nywele kunyolewa, sheikh akapaza sauti. Akasema amesikia maneno yanayosemwa kuhusu marehemu, na yamemchukiza. Mwosha maiti akiona aibu akaifunika, Mungu humsamehe, na akiianika, akae anajua. Shemeji alikuwa hapo hapo barazani. Sheikh akaendelea kwamba suala la mtu kujichua wanazuoni wamelizungumza, walioharamisha wana dalili zao na waliolegeza wana zao, na yeye anasimama na wanaoharamisha. Lakini ni dhambi kati ya mja na Mola wake, toba inaifuta, na haikuandikwa popote kwamba inamvimbisha mtu mkono hapa duniani, akiwa maiti au akiwa mtoto mchanga.

Kisha akaniita.

"Binti yangu, wewe ndiye uliyemuuguza mumeo. Nimeambiwa mkono ule ulikuwa na dripu. Sema, watu wasikie, tulifunge jambo hili leo na marehemu apumzike."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameushika mkono wa mtoto ndani ya kiganja chake, na macho aliyonitolea sijawahi kuyaona kwa mtu mzima, macho ya kuomba. Nikaelewa anachoogopa. Mkono wa baba ukiwa ni dripu, basi mkono wa mtoto ni wa kukawia njiani, na alama si alama. Atabaki na neno langu tu kwamba mwanawe alikuja kabla ya alfajiri, na neno langu alishanionyesha analiweka wapi. Nikisema ni dripu, mume wangu anatoka msafi mbele ya watu wote na mwanangu anarudi Kerege. Nikisema sijui, anachafuka mtu yuleyule aliyenipigia simu mchana kuniambia anaogopa. Hapo hapo nikahisi harufu kali ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, mle chumbani, na hakuna mtu aliyepaka kafuri siku ya akika.

"Binti yangu," sheikh akarudia.

"Sijui, sheikh," nikasema. "Sikumbuki."

Mama mkwe alishusha pumzi. Huko nje sheikh akasema haya, tusome Fatiha, na mtoto akaitwa jina lake na jina la baba yake, kwa sauti, mtaa mzima ukisikia.

Anakaa kwa bibi yake sasa, analala barazani kwake mchana, hakuna anayemwuliza kitu. Ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile. Ila kila nikimaliza kuswali, kabla sijamwombea mume wangu kwa Mungu, namtaka radhi yeye kwanza, kwa sauti ndogo, na ninakaa kidogo pale kwenye mswala nikisikiliza.